Sala Katikati ya Picha

"Hivi jirani, yule mtu wa kwenye picha akifumba mdomo halafu maandishi yakaja, nani ametuhakikishia kwamba ndiyo aliyoyasema?"

Swali hilo aliliuliza Fusi, jirani wa Sajini Lopeti, miaka mitatu iliyopita, wiki ile ukumbi wa picha zisizo na sauti ulipofunguliwa karibu na gati la Nuku'alofa, visiwani Tonga. Lopeti alicheka. Alimwambia kwamba vibao vya maandishi vinakuja kwa Kiingereza, na Mwalimu Pauliasi ndiye atakayesimama kando ya kitambaa cha picha na fimbo yake kuwasomea watu kwa Kitonga, naye Pauliasi ni mhubiri, hawezi kuongeza wala kupunguza. Fusi akasema haya, kama ni mhubiri. Hawakulizungumza tena.

Jumatatu hiyo asubuhi Lopeti hakulikumbuka swali lile. Alikuwa na karatasi mbili mezani, na saa ya ukutani ilikuwa imepita saa mbili. Saa nane mchana hakimu angekaa. Kama karatasi hizo zingebaki kama zilivyo, Kelepi mchukuzi angepelekwa mahakama kuu kwa kosa la kuua, na huko mwisho wake ni kitanzi.

Banda la mbata liliungua Ijumaa jioni, watu wakiwa kwenye picha. Ndani alikuwemo mzee Soane, mlinzi, na hakutoka. Kengele ya kanisa ilipolia saa mbili na nusu ukumbi mzima ulikimbilia nje. Kelepi alikamatwa nyumbani kwake kabla ya saa tatu, bado anahema, maana Jumatano alikuwa amefukuzwa kazi bandani hapo na akasema mbele ya kila mtu kwamba banda lile litakuja kuwaka siku moja. Yeye alisema alikuwa kwenye picha, amesimama nyuma kwenye nguzo. Gizani hakuna aliyemwona. Karibu ukumbi wote siku hiyo, mbele na nyuma, ulijaa wageni wa kwaya kutoka visiwa vya Ha'apai, nao walisafiri Jumamosi alfajiri. Jumapili haikuwa siku ya kumhoji mtu. Lopeti aliingia kanisani mara tatu na kutoka mara tatu, na karatasi zile mbili kichwani.

Ya kwanza ilikuwa ya Kelepi, aliyoandikiwa na karani usiku uleule. Mwanamke wa kwenye picha alipata barua kwamba mama yake amekufa. Akalia dirishani. Binamu yake akaja kumchukua kwenda mazikoni. Mwalimu Pauliasi akawaambia watu wainamishe vichwa wamwombee marehemu, wakaomba. Pembeni karani ameandika: *Anafanya mzaha.*

Ya pili ilikuwa ya Sitiveni, mpimaji wa mizani pale bandani. Mwanamke alipata barua kutoka kwa nahodha, amwache mumewe. Nahodha akaja, wakakumbatiana. Yeye Sitiveni aliketi kando ya mlango mpaka kengele ikalia, na hakumwona Kelepi akiingia wala kutoka.

Karatasi iliyochapwa, iliyokuja pamoja na picha yenyewe, ilikubaliana na Sitiveni neno kwa neno.

Lopeti alichukua funguo akaenda mahabusu.

"Kelepi, nihadithie tena."

"Nimehadithia mara nne, Sajini. Nikihadithia ya tano atakufa nani mwingine?"

"Nahodha yuko wapi katika hadithi yako?"

"Nahodha yupi?"

"Yule mwenye kofia."

"Yule ni binamu." Kelepi alimtazama kama mtu anayeelekezwa njia asiyoijua. "Mwalimu alisema binamu. Mimi Kiingereza sijui, ningemjuaje?"

"Na hiyo sala?"

"Tuliomba. Nilisema amina kama watu wote. Sajini, mtu akitaka kudanganya, atatunga sala katikati ya picha? Si ningetunga kitu cha maana?"

Lopeti alitoka. Alifunga mlango akautikisa kuhakikisha umefungwa.

Ukumbini alimkuta fundi wa mashine, mtu mwenye kikohozi, akifunga mikanda kwenye makopo. Meli ya kuichukua picha ilikuwa ya kesho.

"Fungua mkanda wa tatu," Lopeti alisema. "Na uniazime ile lenzi yako."

Walisimama dirishani. Fundi aliuvuta mkanda taratibu mbele ya mwanga, na Lopeti, aliyesoma Kiingereza chuo cha misheni, aliupitia kibao baada ya kibao. Herufi nyeupe juu ya weusi, na pembeni ya kila kibao namba ndogo sana, ambayo mtazamaji haioni. Nane. Tisa. Kumi. Alikuwa na matumaini mawili: huenda namba moja itakosekana, au atakuta kiungo kipya cha gundi mahali kibao kilipokatwa kikatiwa kingine. Hakuna namba iliyokosekana. Viungo vyote vilikuwa vya zamani, vimekauka na kugeuka rangi ya chai.

Kibao cha kumi na moja kilikuwa barua yenyewe. *Mwache mumeo. Sijasahau midomo yako. Meli yangu inang'oa nanga alfajiri.*

"Ijumaa uliweka mkanda huuhuu?"

"Ndiyo huohuo. Alhamisi huu, Ijumaa huu. Ninao mwingine nimeuficha wapi, Sajini, kifuani?"

"Hakuna mahali mama wa huyu mwanamke anapokufa?"

"Mama? Hana mama hata mmoja humu."

Lopeti aliweka lenzi chini. Mkanda ulikuwa umetoa ushahidi mbaya dhidi ya Kelepi kuliko ule wa Sitiveni. Alikuwa amefika mlangoni fundi aliposema, akikohoa:

"Ila Ijumaa walinishangaza. Nilichungulia kwenye tundu langu nikaona vichwa havipo. Watu wote wameinama. Nikadhani panya amepita."

Lopeti aligeuka. "Wakati gani?"

"Hapo wanapobusiana, baada ya hiyo barua. Nikajiuliza, sasa hawa wamelipia nini?"

"Mwalimu alikuwa anasema nini?"

"Na mashine hii inavyopiga kelele? Humu sisikii hata kikohozi changu."

Hapo ndipo swali la Fusi lilipomrudia. Nani ametuhakikishia kwamba ndiyo aliyoyasema.

Saa tano ilikuwa imepita. Fusi alikuwa uani kwake akigonga magome ya mti kwa rungu kutengeneza nguo, na mlio wake ulisikika mpaka barabarani. Lopeti alichuchumaa upande wa pili wa gogo. Hakutaka kumtia maneno mdomoni, kwa hiyo alisema tu, "Ijumaa ulikwenda kwenye picha?"

"Nilikwenda, na sikufaidi. Moto umenikatia katikati, mpaka leo sijui kama walimzika."

"Walimzika nani?"

"Mama wa yule bibi mwenye manyoya kichwani. Ulikuwa wapi wewe? Barua imekuja mama amefariki, kajiinamia dirishani analia, mimi nami huku nalia, leso yangu imelowa. Kisha binamu kaja. Mwalimu akasema tuinamishe vichwa tumwombee marehemu. Mimi niliinama ila jicho moja lilibaki juu." Alicheka kidogo. "Hao Wazungu wanapeana pole kwa mdomo, jirani. Nikasema sawa, kila watu na msiba wao."

"Alhamisi ulikwenda?"

"Alhamisi nilikuwa kwaya."

"Na Ijumaa, mbele, kwenye mkeka wa wageni, alikaa nani?"

"Wanawake wa Ha'apai. Na Lesieli aliyewaleta. Maskini Lesieli, hajawahi kukanyaga mle ndani, siku aliyokanyaga ndiyo siku mumewe…" Rungu lilisimama hewani.

Lesieli alikuwa mke wa mzee Soane, mlinzi aliyeungua. Tena alikuwa dada yake Mwalimu Pauliasi, tumbo moja.

Hakuna aliyehitaji kulisema. Kwa desturi ya Tonga, mbele ya dada yake mwanamume hatamki habari za mapenzi, hata kwa utani. Akiwa anaongea na wenzake na dada akapita, maneno hubadilika katikati ya sentensi. Pauliasi alikuwa amesimama na fimbo yake, kibao cha kumi na moja kikatokea, na hatua tatu mbele yake ameketi Lesieli.

"Kumbe ni uongo," Fusi alisema polepole. "Hakufa mtu."

"Hakufa mtu kwenye picha."

"Kelepi amesema nini kwenye karatasi yenu?"

"Amesema kama ulivyosema wewe."

Fusi alianza kusimama. Kelepi alikuwa mtoto wa kaka yake. "Basi nakuja saa nane, nitamwambia hakimu."

"Hakimu atasema shangazi amemtungia mtoto wa kaka yake. Na atakuwa na haki ya kusema hivyo. Kaa."

"Watamnyonga?"

"Endelea kugonga, Fusi. Na usimwambie mtu."

Alipofika barabarani hakusikia rungu likigonga.

Sitiveni alikuwa bandani, au pale palipokuwa banda, akipekua vyuma vilivyopindika. Mkono wa kushoto alikuwa ameuingiza ndani ya mkeka wa kiunoni wanaojifunga watu wa huko, kama mtu aliyesikia baridi, na jua lilikuwa kali. Jumamosi Lopeti alikuwa ameokota hapo, mbele ya mlango wa nyuma, vipande vya mtungi vilivyonuka chachu, na taa ya mkononi iliyopasuka. Mtu alikuwa akipika pombe haramu mle. Mlango wa nyuma ulikuwa na funguo mbili: moja ya Soane, ya pili ya Sitiveni.

"Mkono una nini?"

"Mafuta ya kukaangia samaki, Sajini. Mke wangu amesafiri, ndiyo haya."

"Pole. Nataka kuimaliza karatasi yako kabla ya saa nane. Ile barua ya nahodha, uliisoma au ulisomewa?"

Sitiveni alicheka. "Kusoma mimi? Kiingereza kwangu ni sawa na milio ya kuku. Nilimsikia Mwalimu kwa masikio haya mawili."

"Ijumaa."

"Ijumaa."

"Alhamisi hukwenda?"

Sitiveni alisukuma chuma kimoja kwa mguu. "Nilikwenda. Picha nzuri mtu huirudia."

"Na Ijumaa ilikuwa vilevile? Mwalimu hakuwaambia mfanye jambo lolote?"

"Alituambia tunyamaze. Anatuambiaga kila siku."

Lopeti aliandika yote mawili, akamsomea, akampa kalamu. Sitiveni alitia alama yake kwa mkono wa kulia, na karatasi ilipotaka kupeperuka hakuutoa wa kushoto kuishika. Aliikandamiza kwa kiwiko.

Ilikuwa saa saba kasoro robo. Kwa Lesieli watu wa msiba walijaa ndani na barazani. Pauliasi hakuwa ndani. Alikuwa nyuma ya nyumba, kwenye shimo la mawe ya moto, akimenya viazi vikuu pamoja na wanaume wa kupika, maana huko ndiko mahali pa kaka wa mfiwa. Lopeti alimwashiria wakaenda mpaka kwenye uzio. Kutoka hapo sauti za nyimbo za ndani zilisikika, na walizungumza kwa kunong'ona.

"Mwalimu, Ijumaa ulisoma nini?"

"Nilisoma picha."

"Kibao cha kumi na moja nimekishika kwa mkono wangu leo."

Mzee alikitazama kisu chake cha kumenyea. "Nani mwingine anajua?"

"Fusi. Na mimi. Na Kelepi, ila yeye hajui kama anajua."

"Nilitaka kuzima taa," Pauliasi alisema. "Nilitaka kujifanya nimeugua. Alikuja bila kuniambia, Lopeti, na wale wageni wake. Vibao vya mwanzo vilikuwa vya kawaida, nikasema labda ataondoka mapema. Mara barua hiyo. Na baada ya barua najua kinachokuja. Nikamuua mama wa watu. Nikawaambia wainame ili asione." Alifuta uso kwa kiganja. "Miaka arobaini nahubiri. Nimewasalisha watu sala ya uongo. Na saa ileile tunasali, shemeji yangu alikuwa anaungua."

"Saa nane uje umwambie hakimu."

"Nitamwambia nini?"

"Ulichosoma Alhamisi, na ulichosoma Ijumaa. Kelepi alikamatwa kabla hajaongea na mtu, hadithi ya mama aliyekufa hakuweza kuipata popote ila mle ndani. Na Sitiveni ametia alama kwamba Ijumaa alikusikia ukisoma habari ya nahodha. Hakuna aliyeisikia Ijumaa. Aliisikia Alhamisi, na Ijumaa alikuwa mahali pengine."

Pauliasi alitingisha kichwa, si kwa kukataa wala kukubali. "Hakimu atataka niyaseme maneno yenyewe."

"Atataka. Yataandikwa."

"Na dada yangu atakuwepo. Ameshasema anakwenda. Atakaa mbele kabisa, ni mumewe. Niyatamke yale mbele yake? Midomo, na kumwacha mume, naye amevaa mkeka wa msiba? Afadhali nife."

"Anayekufa si wewe, Mwalimu. Ni Kelepi."

"Basi mwambie asije."

"Mimi nimwambie? Kwa sababu gani? Nikimpa sababu, nimeshamwambia." Lopeti alitazama jua. "Saa nane."

Chumba cha hakimu kilikuwa na madawati sita na milango miwili, wa mbele kwenye baraza na wa pembeni wa wafungwa. Lesieli alikuwa ameketi dawati la kwanza. Mkeka wake wa msiba ulikuwa mkubwa, umechakaa na kuchanika kingo, umemfika karibu na kifua, na nywele zake zilikuwa zimeachwa wazi. Hakulia. Alikuwa akitazama watu mmoja mmoja wanavyoingia, na mahali anapokaa kila mmoja. Fusi alikaa nyuma. Sitiveni alikaa karibu na mlango, mkono kiunoni.

Hakimu alisoma karatasi zote. Alipofika kwenye sala akamtazama Kelepi juu ya miwani.

"Hii unaisimamia?"

"Naisimamia, mheshimiwa."

"Mliomba Mungu kwenye ukumbi wa picha."

"Tuliomba."

Watu wawili watatu walicheka. Lesieli hakucheka; naye Ijumaa alikuwa ameinama. Alikunja uso, akageuka akamtazama Kelepi kwa mara ya kwanza, kwa muda mrefu.

Hakimu alimgeukia yeye. "Mama, wewe ndiye mfiwa. Una neno kabla sijaendelea?"

Alisimama. "Nataka aliyemuua mume wangu, mheshimiwa. Sitaki mwingine." Akaketi.

Lopeti aliomba shahidi mmoja. Pauliasi alikuja mbele, ameshika kofia kwa mikono miwili, akaapa. Hakumtazama dada yake, na alisimama akimpa bega.

"Mwalimu," hakimu alisema, "kazi yako ni kuwasomea watu vibao. Ijumaa kulikuwa na sala?"

"Kulikuwa."

Kicheko kilikatika. Kule mlangoni Sitiveni aliinua kichwa.

"Kwa nini Sitiveni hakuitaja?"

"Hilo silijui, mheshimiwa."

"Na hii barua? Mmoja anasema ni msiba, mwingine anasema ni nahodha. Ni ipi?"

"Ijumaa nilisoma msiba."

"Na kilichoandikwa?"

Pauliasi alifungua mdomo. Akaufumba tena.

"Mwalimu, umeapa. Alhamisi ulisoma nini? Yaseme maneno kama yalivyo, karani ayaandike. Usipoyasema, nitachukua kwamba Sajini amekufundisha, na nitaendelea na karatasi nilizo nazo."

Kalamu ya karani ilingoja. Kofia ya Pauliasi ilikuwa imebonyea kati ya vidole vyake. Kelepi alimtazama yeye, kisha Lopeti, kisha tena yeye, na minyororo ya miguuni ikalia kidogo. Kule nyuma Fusi alikuwa amejiziba mdomo.

"Nahesabu mpaka kumi, Mwalimu," hakimu alisema. "Kisha keti."

Lopeti hakuwa na la kufanya. Alimtazama Lesieli, na akakuta Lesieli hamtazami yeye. Alikuwa akilitazama bega la kaka yake, lile alilopewa badala ya uso. Akaitazama kofia. Akatazama pande zote za chumba, polepole, kama mtu anayehesabu walioketi. Akafika kwa Sitiveni, na macho yake yakatua pale kiunoni, ambapo kitambaa cheupe kilichofungwa mkononi kilikuwa kimechomoza chini ya mkeka, na yakakaa hapo. Kisha yakarudi kwa kaka yake.

"Sita," hakimu alisema.

Lesieli aliinuka. Aliukusanya mkeka wake wa msiba kwa mikono miwili usiwaguse waliokaa.

"Mama, bado hatujamaliza," hakimu alisema. "Unakwenda wapi?"

Alipita nyuma ya kaka yake bila kugeuza shingo, akapita mbele ya Sitiveni, akatoka mlango wa baraza, akashuka ngazi na kuufuata uwanja hadi barabarani, mahali sauti ya kaka yake isingeweza kumfikia.